Samaki wa Kesho ni Bei Gani?

Fundisho la Jumapili asubuhi lililotolewa kwenye radio, na sasa limeandikwa kusudi wale waliokosa kipindi walisome nyumbani. Masomo: Isaya 38 na 39; Kumbukumbu la Torati 22:6-7; Walawi 25:1-24.

Tunawasalimu ninyi mlio Uvira mjini, ninyi wa pwani yote kupita Makobola hadi Baraka, na ninyi mnaotusikia ng'ambo ya ziwa, Burundi.

Leo tunaanza na jambo letu wenyewe, kwani haifai mhubiri aanze na dhambi za watu wengine. Mnajua ya kuwa nchi 4 zinazolizunguka ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kulipumzisha ziwa miezi 3 kila mwaka, tangu tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake sawasawa na mapatano hayo. Upande wetu nako habari ilisomwa, hata hapa kwenye radio tuliisoma, asubuhi na jioni. Lakini ziwa lilipokuwa limefungwa, usiku tuliona taa majini. Wengine walikuwa watu wa mbali. Wengine walikuwa wa kwetu, wanaoimba pamoja nasi. Hatutaji majina, na ninyi msianze kukisia.

Jumapili iliyofuata sadaka ilikuja na noti zenye maji na harufu ya samaki. Sisi tuliokuwa mezani tukihesabu tulijua. Tulihesabu, tukaandika katika kitabu, tukaomba, tukaenda nyumbani. Kiisha siku chache dada mmoja anayeuza ndagala akaja kutuona. Akasema, "Watumishi wa Mungu, samaki waliouzwa wiki ile walikuwa wadogo kama kucha. Hawajataga hata mara moja. Hao walikuwa samaki wa mtoto wangu wa mwaka ujao. Ninyi mmepokea fungu la kumi la kitu ambacho mwenyewe hajakiuza."

Tulikosa jibu. Tulimwambia tutaomba. Mnajua sisi watumishi, tukikosa jibu tunasema tutaomba. Lakini mara hii tuliomba kweli, tena tulisoma, na tulikuta ya kwamba swali la dada yule ndilo ambalo wataalamu wa uchumi wanaligombania kwa karibu miaka 100. Wanauliza: kitu cha kesho kina bei gani leo? Na je, mtu ambaye hajazaliwa ana haki ya kukaa mezani siku tunapopanga bei?

Kusudi tulielewe, tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anakijua, banki Lamberi. Mtoto ni mgonjwa, au masomo hayajalipwa na shule imemfukuza. Unakwenda kwa mtu, anakupa dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukishindwa, deni linazaa. Likiachwa mwaka mzima linazaa hivyo hivyo kila mwezi, dola 100 zinafika karibu dola 12,970. Ndiyo sababu watu wanauza kiwanja.

Sasa geuzeni hesabu hiyo. Kama dola 100 za leo ni sawa na dola 12,970 za mwaka ujao, basi dola 100 za mwaka ujao ni sawa na kitu gani leo? Tulipiga hesabu kwa simu, tukapata senti 77. Yaani mtu wa banki Lamberi akiona dola 100 zilizosimama mbali mwaka mmoja, machoni pake hazifiki hata dola moja. Kesho imepungua mpaka imekuwa kitu cha kutupa.

Wataalamu nao wanapiga hesabu ya namna hiyo hiyo. Wao hawatumii 50 kwa mia kwa mwezi, sivyo. Wanatumia 3, au 5, au 7 kwa mia kwa mwaka. Inaonekana ni kidogo. Lakini chukueni 5 kwa mia kwa mwaka, mhesabu dola 100 ambazo wajukuu wa wajukuu wetu wangepata kutoka msitu au ziwa baada ya miaka 100. Leo, kwenye karatasi ya mtaalamu, zina thamani ya senti 76. Senti 76 na senti 77! Banki Lamberi inafika pale kwa mwaka mmoja, mtaalamu mwenye kravati anafika pale kwa miaka 100, lakini wote wawili wamefika. Basi serikali au kampuni ikiuliza kama inafaa kuacha msitu umesimama kwa ajili ya watu wa miaka 100 ijayo, hesabu inajibu: watu hao ni senti 76, kateni.

Hatusemi wataalamu wote ni waovu. Wanagombana wao kwa wao, na ugomvi wao ni wa maana. Mwaka 1928 kijana Mwingereza aliyeitwa Frank Ramsey, mwenye miaka 25 tu, aliandika juu ya kiasi gani taifa liweke akiba. Alisema ya kwamba kupunguza furaha ya watu wa baadaye kwa sababu tu wao ni wa baadaye ni jambo lisilo haki, na linatoka katika udhaifu wa mawazo yetu: hatuwezi kuwaona, basi tunawahesabu kidogo. Ramsey hakuwa mwamini, na alikufa mwaka 1930 kabla ya kufika miaka 27. Ndugu yake mdogo, Michael, ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Tunawaambia hii kusudi msidhani ni watu wa kanisa peke yao walioona kosa hilo. Wakati mwingine anayeona kwanza ni yule asiyekaa kanisani.

Mwaka 2006 Mwingereza mwingine, Nicholas Stern, aliandika kwa ajili ya serikali yake kitabu kikubwa juu ya kubadilika kwa hali ya hewa. Alitumia 1.4 kwa mia. Kwa hesabu yake, dola 100 za baada ya miaka 100 ni karibu dola 25 leo. Mmarekani William Nordhaus, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alimpinga akisema riba hiyo ni ndogo mno, haifanani na ile ya soko. Tena kuna hoja hapa ambayo tunapaswa kuisikia kwa haki: wanasema watu wa kesho watakuwa matajiri kuliko sisi, basi kwa nini maskini wa leo ajinyime kwa ajili ya tajiri wa kesho? Hoja hii ina nguvu huko Ulaya, ambako mjukuu mara nyingi alikula vizuri kuliko babu. Sisi wa Kivu tunawaulizeni ninyi wazee: mlipokuwa vijana, mtumbwi ulijaa upesi au polepole kuliko sasa? Watoto wenu wamekuwa matajiri kuliko ninyi? Tena tajiri anaweza kununua gari na nguo, lakini akikuta ziwa tupu, atanunua wapi ndagala wa kulirudisha?

Sasa tufungue Isaya 38. Mfalme Hezekia aliugua akawa karibu kufa. Akalia, na Bwana akamwongezea miaka 15. Halafu wajumbe wakatoka Babeli kumpongeza, naye akawaonyesha hazina yote: fedha, dhahabu, manukato, silaha. Hakuacha kitu. Nabii Isaya akaja kumwambia ya kwamba siku zinakuja vyote hivi vitachukuliwa Babeli, tena wana watakaotoka katika mwili wake watachukuliwa pia. Angalieni jibu la mfalme katika 39:8. Hakulia. Yule aliyelia machozi mengi kwa ajili ya ugonjwa wake mwenyewe, aliposikia habari ya watoto wake alisema neno la Bwana ni jema, kwa sababu yeye katika maisha yake angekuwa na amani.

Tumehubiri sura hii mara nyingi, tukimsifu Hezekia kwa maombi yake na ile miaka 15. Sura inayofuata tunaipita mbio. Lakini hapo ndipo tunapokuta ile hesabu ya senti 76, kwa kinywa cha mfalme mcha Mungu. Msiba wa siku zangu una uzito wote. Msiba wa siku za mwanangu hauna uzito.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wenyewe tulilikuta tu mwaka huu. Someni 2 Wafalme 21:1. Manase, mwana wa Hezekia, alianza kutawala akiwa na miaka 12. Hezekia aliishi miaka 15 baada ya kupona. Toeni 12 kwa 15. Manase alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza! Isaya alipokuwa akisema habari ya wana, huenda mtoto alikuwa bado tumboni, au bado hajatungwa mimba. Na 2 Nyakati 33:11 inasimulia ya kwamba Manase huyo huyo alikamatwa na majemadari wa Ashuru, akafungwa kwa pingu, akapelekwa Babeli. Haikuchukua miaka 100. Yule aliyekuwa hana uzito kwenye hesabu ya baba yake alikuwa ni mtoto wake wa kwanza kumrithi.

Tunataka ndugu zetu wa mitumbwi wafikiri hapa. Ndagala ni samaki anayekua upesi. Maisha yake yote ni karibu mwaka mmoja. Tunapovua wadogo kwa chandarua cha mbu kule pembeni ambako wanakulia, hatuibi kwa watu wa mwaka 2125. Tunaiba kwa sisi wenyewe wa mwezi wa kumi na mbili. Hata mtu wa hesabu ngumu, asiyejali wajukuu, angesema mwache ndagala akue, kwani hakuna banki hapa mjini inayozaa upesi kama yeye. Anayemkamata mdogo ana haraka kuliko hata mabwana wa soko.

Kwa mikeke na samaki wakubwa wanaokua polepole, jambo ni gumu zaidi. Mwaka 1973 mtaalamu wa hesabu wa Canada, Colin Clark, alieleza habari ya nyangumi, mnyama wa baharini mkubwa kuliko wote. Nyangumi wa buluu huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka 2 au 3. Watu walikuwa wakisema nyangumi wanakwisha kwa sababu bahari haina mwenyewe, kila mtu anakimbilia kuchukua kabla ya mwenzake. Clark akaonyesha ya kwamba hata kama bahari yote ingekuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo anapenda faida tu, hesabu ingeweza kumwambia: ua wote leo, uza mafuta, weka pesa banki, kwani pesa inazaa upesi kuliko nyangumi. Clark hakulisema kusudi wafanye hivyo. Alikuwa akionya. Tulipoisoma tuliogopa, kwa sababu tulidhani tukipata tu mwenye ziwa mmoja, mwenye nguvu, basi samaki watapona. Kumbe mwenye ziwa naye anaweza kuwa na moyo wa banki Lamberi.

Musa alilijua jambo hilo kabla ya Clark. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mtu akikuta kiota njiani, anaruhusiwa kuchukua makinda au mayai, lakini amwache mama aende. Angalieni, Mungu hakukataza kula. Alikataza kula kitu pamoja na chanzo chake. Na kwa amri hiyo ndogo ya ndege aliweka ahadi ya siku nyingi, ahadi ile ile aliyoiweka kwa kumheshimu baba na mama. Mara ya kwanza tulicheka: ndege na mama yangu katika ahadi moja? Lakini fikirini. Amri moja inatazama nyuma kwa wale waliotutangulia, na nyingine inatazama mbele kwa wale watakaokula baada yetu.

Tunajua swali ambalo wengi wenu mnalo, kwani tunalisikia kila tunapogusa habari hii. "Watumishi, Yesu yuko mlangoni. Mambo ya miaka 100 ni ya nini? Tutakuwa tumenyakuliwa."

Amina, anakuja. Hatulitoi neno hilo katika mahubiri yetu hata kidogo. Lakini sikieni jambo la ajabu. Yule Stern naye aliweka katika hesabu yake nafasi ya kwamba watu wasiwepo tena duniani. Alisema sababu pekee ya haki ya kumpunguza mtu wa baadaye ni kwamba labda hatakuwepo, na akaipa nafasi hiyo 0.1 kwa mia kila mwaka. Alikuwa akikisia. Je, sisi tuna namba bora kuliko yake? Mathayo 24:36 inatuambia ya kwamba siku ile hakuna aijuaye. Asiyejua siku hawezi kuuza ziwa kwa jina la siku hiyo. Katika sura ile ile, mtumwa aliyesifiwa ni yule aliyekutwa akiwapa wenzake chakula kwa wakati wake. Na wale wa Thesalonike walioacha kazi kwa kungojea, Paulo hakuwapongeza. Tena tuseme ukweli: ndugu anayetuambia Yesu anarudi kesho, kwa hiyo tuvue vyote, ndiye aliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma mwaka jana na kuiandika kwa jina la mwanawe mkubwa. Kwa kiwanja chake anaamini miaka 50. Kwa ziwa la wote anaamini siku moja.

Lakini kuna swali lingine, na hili hatulichekei. Baba mmoja mvuvi alituambia, "Ninyi mnakula sadaka. Mimi miezi 3 watoto wangu wanakula nini?"

Hapo tulirudi kwa Esau. Tumezoea kumpiga Esau kwa mahubiri: aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa dengu. Kweli aliidharau, Neno linasema. Lakini sufuria ilikuwa ya nani? Ndugu yake alikuja kutoka porini amechoka, anasema atakufa, na Yakobo badala ya kumpa sahani akatoa mkataba. Yakobo alikuwa banki Lamberi ya kwanza katika Biblia, na hatujasikia mkutano hata mmoja ukihubiri juu ya sufuria ya Yakobo. Mtu mwenye njaa anahesabu kesho kuwa ndogo, si kwa sababu ana udhaifu wa mawazo kama alivyosema Ramsey. Ni kwa sababu bila leo, yeye kesho hana. Wengi wa wavuvi wetu walipewa nyavu na mafuta kwa deni, na mwenye deni anangojea pwani asubuhi, mbalamwezi au giza, ziwa limefungwa au limefunguliwa. Kumwambia mtu huyo aache samaki wakue, bila kugusa deni lake, ni kumpa mahubiri badala ya sahani.

Bwana mwenyewe alilijibu swali la baba yule. Katika Walawi 25 aliagiza shamba lipumzike mwaka wa saba, na katika mstari wa 20 akawasikia watu wakiuliza watakula nini. Hakuwakemea. Aliwaahidi mavuno ya mwaka wa sita yatawafikisha mbele. Na Yusufu huko Misri alitoza sehemu moja ya tano katika miaka 7 ya shibe, akaiweka ghalani kabla ya njaa. Yaani pumziko linatangazwa pamoja na ghala. Tangazo la kufunga ziwa lilikuja kwetu bila ghala, na sisi wa kanisa tulilisoma kwenye radio bila kuuliza ghala liko wapi. Hilo ndilo kosa letu la pili, na pengine ni kubwa kuliko lile la sadaka.

Msidhani pia hili ni la wavuvi tu. Sheria ya madini ya nchi yetu iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inasema ya kwamba katika kila dola 100 za ushuru ambao makampuni hulipa kwa madini waliyouza, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za eneo lenye mgodi, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa kuwa shaba na kobalti zikitolewa hazioti tena, sheria imewawekea watoto sehemu. Norvege ilifanya hivyo na petroli yake: mfuko uliwekwa kwa sheria mwaka 1990, na tangu 2017 kanuni yao ni kutumia kama 3 kwa mia tu kwa mwaka, mzizi ubaki. Zile dola 10 zetu, tunawaomba ninyi mlio na watoto avokati na wabunge mwulize kila mwaka ziko wapi, kwa upole, kwa karatasi, na bila kuchoka.

Turudi kwa noti zile za harufu. Hazijatumika. Baada ya dada yule kuja, mweka hazina alizitoa, akaziweka katika bahasha peke yake, na wazee wote wametia saini juu yake. Tumeomba msamaha mbele ya kanisa, na leo tunauomba kwenu mnaotusikia. Bahasha hiyo itakuwa mwanzo wa sanduku la miezi 3, mfano wa likilimba mnayoijua: kila mtumbwi utaweka kidogo usiku ziwa linapotoa vizuri, na pesa italiwa wakati wa kufunga tu, familia yenye deni kubwa ikitangulia. Wa mama wauza samaki ndio watakaoshika ufunguo, kwani ndio waliotuamsha. Mkutano ni Jumatano saa tisa alasiri, ndani ya kanisa. Waumini wa makanisa mengine wakaribie pia, na mabwana wanaokopesha nyavu tumewaandikia barua waje. Kila mvuvi alete karatasi ya deni lake jinsi ilivyo, hata kama anaona haya, kwa sababu kazi yetu ya kwanza siku hiyo ni kuzijumlisha.